UZI: James Hetfield wa Metallica, mkono wa kulia uliobeba bendi nzima (wadau wa R yaani Arusha, na Moshi karibuni)

#1 Mleta uzi, Mianzini Arusha

Wakuu heshima kwenu. Huu uzi nimeuanza mara nyingi nikaufuta. Leo mvua inanyesha tangu saa nane mchana, umeme hakuna, simu ina chaji ya kutosha na mama watoto kaenda kwao Machame, kwa hiyo leo naandika mpaka niumalize, mtanivumilia nikirefusha.

Namuongelea James Hetfield, muimbaji na mpiga gitaa wa Metallica, bendi ya hevi metali ya Marekani. Najua huku kwetu ukisema Chuga mtu anawaza hip hop, X Plastaz, Watengwa, Weusi, na ni kweli ndo mziki wetu. Ila nembo ya Metallica kila mtu humu kashaiona hata kama hajui ni nini, pita Kilombero au Memorial pale Moshi siku marobota yanafunguliwa, fulana nyeusi zenye herufi mbili za pembeni zimechongoka kama radi, hizo ndo zenyewe. Nimeona konda wa daladala ya Mbauda kavaa hiyo fulana mpaka imekuwa kijivu.

Mimi nilimjua 2009. Nilikuwa mgumu, nabeba mizigo ya wageni mlimani njia ya Machame. Kambi ya Karanga, ile baridi mnayoijua, nimekaa nyuma ya hema la jiko nasubiri maji yachemke, mgeni mmoja kijana akaja kuota moto akaniuliza napenda nini nikamwambia napiga gitaa kanisani. Akanichomeka upande mmoja wa hedifoni. Wimbo ukaanza na magitaa makavu yasiyo na umeme, taratibu, mazuri kabisa kama mtu anaomba, nikaanza kutikisa kichwa, afu ghafla ukageuka nikadhani kile kidude chake cha kuchezea nyimbo kimeharibika. Wimbo unaitwa Battery. Nilirudia mara tatu maji yakachemka mpishi akanitukana. Siku tunatoka geti la Mweka, tipu imeshagawiwa, yule kijana akanirudia akaniachia kile kidude na waya wake wa kuchajia. Sijawahi kumuona tena.

Sasa kilichonifanya niandike ni hiki. Watu wakiongelea gitaa wanamtaja mpiga solo. Kanisani hivyo hivyo, dogo akijua kukimbiza vidole juu kule kila mtu anamshangilia. Lakini waulizeni wazee wa dansi. Solo akikosea watu wanaendelea kucheza, rithimu, yule anayeshikilia mdundo wa wimbo kwa gitaa, akikosea ukumbi mzima unasimama. Arusha hii hii ndugu wa Kinyonga walikuwa na Arusha Jazz kabla hawajavuka kwenda Kenya ikawa Simba Wanyika, na aliyetandika rithimu kule, baadaye akaenda Les Wanyika, ni Profesa Omari Shabani. Walimuita Profesa na alikuwa anapiga rithimu! Wazee walikuwa wanajua nani kabeba mzigo.

Hetfield ni mtu wa rithimu. Na anaimba huku anaipiga, mdomo unakwenda huku mkono unakwenda kule. Mimi nimejaribu miaka, bado.

Naendelea chini, chaji ipo 71.

#2 Mdau wa Sakina

Mkuu nimeshavuta kigoda, shusha nondo. Ile fulana mimi nilikuwa nayo form two, mwalimu wa zamu alinivua akasema ni ya freemason.

#3 Mleta uzi

Hahaha pole chalii yangu. Naendelea.

Kazaliwa tarehe 3 Agosti 1963, Downey, mji mdogo jirani na Los Angeles, California. Baba anaendesha malori, mama ni muimbaji, anaimba zile opera nyepesi. Akiwa na miaka tisa wakampeleka kujifunza piano, hakuipenda ila yeye mwenyewe baadaye alisema ilimsaidia kwa sababu ilimzoesha mkono mmoja ufanye hiki na mwingine ufanye kile. Akagusa drams za kaka yake, afu gitaa akiwa kwenye miaka 14.

Wazazi wake walikuwa waumini wa Christian Science, dhehebu lililoanzia Boston karne ya 19, linaloamini ugonjwa unaponywa kwa maombi na si kwa dawa. Shuleni likifika somo la afya alikuwa anatolewa darasani. Fikiria mtoto unatoka kila wiki wenzako wanakuangalia wanajiuliza huyu ana nini. Akiwa na miaka 13 baba akaondoka nyumbani, ndoa ikaisha. Afu mama akaugua saratani. Kwa imani yake hakwenda hospitali. Watoto wanamuona anaisha pale pale nyumbani na wao wamefundishwa kwamba kuongelea ugonjwa ni kukosa imani, kwa hiyo kimya. Februari 1980 mama akafariki, James ana miaka 16. Akahamia kwa kaka yake mkubwa, mji wa Brea, akamaliza shule huko.

Nimeandika hii sehemu nikaiacha kidogo nikaenda kukinga maji ya mvua. Mimi mama yangu yupo, namshukuru Mungu, lakini najua nyumba ambazo jambo likiwa zito ndo watu wanazidi kunyamaza. Ukijua hii habari ya mama yake, nyimbo zake karibu zote unazisikia upya. Ule wimbo The God That Failed wa 1991 anaongelea hilo hilo. Until It Sleeps wa 1996 ni saratani. Mama Said jina lenyewe linajieleza. Mtu alifundishwa kunyamaza, akaja kupiga kelele miaka arobaini.

#4 Muuguzi, Moshi

Kaka habari za huko. Mimi si mtu wa hiyo miziki kabisa, nimeingia sababu ya neno Moshi, lakini hiyo post namba 3 imenigusa nimesoma mara mbili.

Mimi ni muuguzi, sitasema wapi. Wapo akina mama wanafika kwetu wamechelewa, uvimbe ulikuwepo mwaka mzima, mtu alikuwa anaombewa na anaogopa kumwambia hata mume. Mimi ni Mlutheri, naomba kila siku asubuhi, siwezi kusema maombi hayana kazi, ila omba huku unakuja kliniki jamani. Na kitu ambacho watu hawakioni ni watoto. Kuna kijana wa kidato cha tatu alikuwa anamleta mama yake peke yake, kila mara anakaa kwenye benchi nje hasemi neno, ukimuuliza anasema niko sawa. Mama alipofariki hakulia pale. Nimemkumbuka huyo kijana niliposoma. Natamani angekuwa na gitaa au kitu chochote.

Endelea kaka, nafuatilia.

#5 Mleta uzi

Dada asante sana kwa hilo neno. Ubarikiwe na kazi yako.

Tunaingia kwenye bendi. 1981 kuna kijana wa Denmark anaitwa Lars Ulrich, baba yake mcheza tenisi maarufu, na yeye alipelekwa California tenisi imkuze, ikashindikana, moyo wake uko kwenye drams. Akatoa tangazo kwenye gazeti la matangazo madogo madogo la Los Angeles, The Recycler, anatafuta wanamuziki. Hetfield akajibu. Oktoba 1981 bendi ikazaliwa. Hawa wawili ndo wapo tangu siku ya kwanza mpaka leo, wengine wamekuja na baadhi wamepita.

Mnajua Hetfield hakutaka kuwa muimbaji? Alikuwa na aibu. Walitafuta muimbaji, wakamtaka John Bush wa bendi ya Armored Saint, akakataa. Ikabidi aendelee yeye. Na mpiga solo wa kwanza alikuwa Dave Mustaine, kichwa kwelikweli lakini pombe na ugomvi haviishi, Aprili 1983 wako New York kwa ajili ya kurekodi wakamuamsha asubuhi wakamwambia umetoka, basi lako hili hapa, safari ya Marekani upande mpaka upande. Huyo Mustaine akaenda kuanzisha Megadeth na yeye akawa jina kubwa, naye anaimba na kupiga gitaa, huyo anastahili uzi wake. Nafasi yake ikachukuliwa na Kirk Hammett.

Mpiga besi ndo muhimu zaidi. Cliff Burton. Walimuona anapiga besi kama gitaa la solo wakachanganyikiwa, akawaambia mimi sihami kwenda Los Angeles, mkinitaka njooni nyie. Bendi nzima ikahama kumfuata mtu wa besi! Wakapanga nyumba El Cerrito, karibu na San Francisco, barabara ya Carlson, mazoezi ni kwenye gereji ya hiyo nyumba. Hiyo gereji muikumbuke, nitairudia mwishoni.

Kill 'Em All Julai 1983. Ride the Lightning Julai 1984, walirekodi Copenhagen. Kabla ya hiyo, Januari 1984 wako Boston vyombo vyao vikaibiwa usiku wa baridi, ikiwemo amplifaya ya Hetfield aliyoipenda kuliko zote, na kipindi hicho ndo ukatungwa Fade to Black, wimbo wao wa kwanza wa taratibu, mashabiki wengine wakawaona wasaliti. Afu Machi 1986, Master of Puppets. Hapo nawaachia wenyewe msikilize, ni dakika nane na nusu huo wimbo wenye jina la albamu, inazungumzia dawa za kulevya zinavyomfanya mtu kikaragosi. Lile solo la taratibu katikati, lile tamu, si la Hammett. Ni la Hetfield.

#6 Mdau wa Njiro

Mkuu mimi sitaki kukuharibia uzi lakini niulize kwa nia njema. Hii miziki si ndo ile ya kuabudu shetani? Wewe umesema unapiga gitaa kanisani, unavichanganyaje?

#7 Mleta uzi

Swali zuri na hujaniharibia. Zipo bendi za metali zinaimba hayo mambo, sikatai, nyingine kwa kutafuta jina na nyingine wanamaanisha. Metallica nimesoma mashairi yao moja moja na kamusi mkononi. Wanaimba vita, wimbo wao One ni wa askari aliyepoteza mikono miguu macho na masikio kakwama ndani ya mwili wake. Wanaimba hukumu ya kifo, wazimu, dawa za kulevya, mahakama zinazonunuliwa, mama aliyekufa. Ukali wa sauti si ushetani. Zaburi nyingine ukizisoma vizuri Daudi analalamika kwa nguvu kuliko hawa.

Mchungaji wangu nilimsikilizisha Nothing Else Matters bila kumwambia ni nani, akaniuliza kama tunaweza kuitilia maneno ya Kiswahili.

Turudi 1986. Majira ya joto Hetfield akavunjika mkono akicheza sketibodi, ziara haikusimama, fundi wao wa magitaa John Marshall akampigia rithimu yeye akaimba tu. Mkono ukapona. Tarehe 26 Septemba wakapiga Stockholm, Sweden, Hetfield kashika gitaa tena. Usiku wakaondoka na basi kwenda Copenhagen. Ndani ya basi Cliff na Kirk walivutana karata nani achague kitanda, Cliff akavuta ree ya shupaza akachukua kitanda cha Kirk. Alfajiri ya tarehe 27, karibu na Ljungby, basi likayumba likapinduka, Cliff akarushwa dirishani likamlalia. Miaka 24.

Dereva alisema ni barafu. Hetfield alitembea kwa miguu kwenye ile barabara na baridi yote ile, akitafuta hiyo barafu. Alisema hakuiona.

Mimi nimepita hii barabara yetu ya Moshi Arusha alfajiri na bendi ya kanisa nyuma ya Coaster, spika zimefungwa juu, wote wamelala, mimi ndo nimekaa macho naangalia taa. Kila nikipita naiwaza hiyo habari.

Hawakupumzika. Kama mwezi mmoja tu baadaye wakampata Jason Newsted na kuendelea. Leo mtu yeyote angewaambia kaeni chini mlie kwanza. Walimuonea sana yule Jason, miaka, na albamu ya 1988, ...And Justice for All, besi yake karibu haisikiki kabisa, nenda kasikilize na spika nzuri uitafute. Naamini kabisa kuwa ule ulikuwa msiba ambao haukuliliwa.

#8 Fundi magitaa, Majengo Moshi

Sasa hapa mmenifikia. Niwaongezee upande wa mkono wenyewe maana mleta uzi kasema mkono wa kulia hajaeleza.

Mpigaji wa kawaida wimbo ukiwa na kasi anachapa kamba chini juu chini juu, ndo rahisi, mkono ukienda na kurudi kote unafanya kazi. Hetfield anachapa CHINI TU. Chini chini chini chini. Master of Puppets ina mapigo 210 na ushee kwa dakika, na kila pigo anachapa mara mbili, hesabu mwenyewe. Kwa nini ajitese? Kwa sababu ukichapa chini sauti inatoka na uzito ule ule kila mara, ukichapa juu inakuwa nyepesi kidogo. Sikio la mtu wa kawaida halijui lakini mwili unajua, ndo maana unatikisa kichwa. Afu ubavu wa kiganja unalala pale kamba zinapofungiwa, unazizima nusu, ndo unapata ile sauti ya kugonga kama mtu anapiga mlango wa bati kwa ngumi. Ukibonyeza sana inakufa, ukilegeza inalia ovyo. Ni milimita.

Kingine, studio zile albamu kubwa rithimu zote alikuwa anapiga yeye. Anarekodi mara ya kwanza, anarudia ile ile juu yake, moja inawekwa kulia nyingine kushoto. Ukipishana na nafsi yako kidogo tu inasikika, kwa hiyo ni lazima urudie sawasawa. Kirk anakuja kuweka solo. Ukuta umejengwa na mtu mmoja.

Wateja wangu vijana wananiletea gitaa wanasema fundi kamba ziko juu nishushie nikimbize solo. Nawaambia dogo nionyeshe kwanza mkono wa kulia dakika tano bila kusimama. Hakuna anayefika mbili.

#9 Mdau wa Sakina

Fundi nimejaribu sasa hivi kwenye meza na kalamu sekunde arobaini mkono umekufa ganzi. Heshima kwa mwamba.

#10 Mleta uzi

Fundi Mungu akuweke, hapo umemaliza. Kuongezea tu, uchape hivyo afu UIMBE juu yake maneno yasiyofuatana na mkono.

Na sauti yenyewe ilimletea shida. Kipindi cha ile albamu nyeusi (jina lake ni Metallica, jalada ndo jeusi), mwaka 1991, sauti ilimkatika studio, ikabidi aende kwa mwalimu wa sauti kama mtoto wa kwaya. Akapewa mazoezi kwenye kanda, akawa anayafanya kabla ya kila onyesho miaka na miaka. Wale wa kwaya mnaokataa kupasha sauti mnasema mmezoea, mmesikia.

Albamu nyeusi ilitoka Agosti 1991, prodyusa Bob Rock aliwakaba mpaka wakagombana, ila Marekani peke yake imeuza zaidi ya nakala milioni 16. Ndani yake ndo kuna Nothing Else Matters. Hadithi yake naipenda mno: alikuwa anaongea na mpenzi wake kwa simu, mkono mmoja kashika simu, mwingine unagusa kamba tu. Kwa hiyo mwanzo wa ule wimbo ni kamba wazi, hakuna hata kidole cha kushoto kinachobonyeza. Hakutaka bendi isikie, aliona ni wake wa siri. Lars ndo akasema huu unaingia. Na solo la mle ni la Hetfield mwenyewe, Kirk hayupo kwenye ule wimbo kabisa.

Agosti 8, 1992, Montreal, Kanada. Wako katikati ya Fade to Black, akasimama pasipo sahihi stejini, moto wa maonyesho ukamlipukia upande wa kushoto, mkono ukaungua vibaya. Siku 17 baadaye kasimama stejini, mkono kafungwa, John Marshall yule yule nyuma anapiga gitaa, yeye anaimba. Sishauri mtu afanye hivyo, ila naelewa. Kuna watu ukiwazuia kazi ndo unawaua.

#11 Msanii, Ngarenaro

Mimi ni mtu wa hip hop lakini nataka kuongelea kitu mleta uzi amekiruka, Napster. Aprili 2000 hawa jamaa walishtaki ile programu ya kugawiana nyimbo bure kwenye intaneti, wakapeleka majina ya watumiaji zaidi ya laki tatu. Watu waliwachukia, wakaambiwa ni matajiri wenye roho mbaya.

Mimi nimetoa nyimbo zangu. Nilirekodi kwa hela ya kuuza simu. Wiki moja baadaye nikaingia stationari moja, kijana anamjazia mteja memori kadi kwa buku, wimbo wangu umo kwenye folda, ananiuliza bro na wewe nikuwekee hizi mpya? Nilimwambia niwekee. Nikalipa buku kwa wimbo wangu mwenyewe. Kwa hiyo mimi walivyoshtaki nawaelewa, labda namna walivyofanya kwa mashabiki haikuwa nzuri, lakini swali lao lilikuwa la haki.

#12 Mleta uzi

Mwana, nililiruka kwa sababu nilikuwa upande wa watumiaji, mimi nyimbo zote baada ya kile kidude nilijaziwa hivyo hivyo kwa buku. Sikuwahi kufikiria wa upande wa pili ni mtu wa Ngarenaro. Nimekusikia.

Sasa sehemu niliyoifuta kila mara.

Hetfield alikuwa mlevi. Miaka ya themanini bendi ilitaniwa jina la ulevi na wao wakalifurahia. Januari 2001 Jason akachoka akaondoka. Julai 2001, katikati ya kurekodi, Hetfield akaondoka studio akaingia soba hausi. Miezi na miezi wenzake hawajui kama bendi ipo au haipo. Aliporudi 2002 akasema nafanya kazi saa sita mchana mpaka saa kumi tu, basi, baada ya hapo naenda kwa familia. Mtu wa hevi metali anatoka kazini saa kumi! Wenzake walikasirika, ipo kwenye filamu ya kumbukumbu waliyoitoa 2004, hawakuficha kitu, utaona wanaume wazima wanagombana na mshauri wa saikolojia kakaa katikati yao. Albamu ya 2003, St. Anger, kiukweli siipendi, drams zinasikika kama mtu anagonga sufuria, ila naielewa. 2003 hiyo hiyo wakampata Robert Trujillo kwenye besi na yuko mpaka leo.

Miaka 18 baada ya ile mara ya kwanza, Septemba 2019, akarudi tena soba hausi. Ziara ya Australia na New Zealand ikaahirishwa, tiketi zimeshauzwa. Walitangaza wazi wazi sababu.

Nilisoma hiyo habari nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nyumba ya kaka yangu huku Arusha. Kaka yangu alikuwa ametoka soba kwa mara ya pili, na ukoo ulikuwa umekaa kikao kwamba huyu tumeshamlipia mara moja, hela ilipotea, asirudi. Nilichofanya niliingia na simu nikawatafsiria ile taarifa. Nikawaambia huyu ana hela kuliko mkoa mzima, ana madaktari, na karudi mara ya pili, na watu wake wamempokea. Baba yangu mdogo akauliza huyo mzungu ni nani. Nikamweleza ndo huyo napiga nyimbo zake. Akanyamaza. Kaka alipelekwa mara ya tatu. Yupo, ana bodaboda yake, sitasema zaidi.

#13 Muuguzi, Moshi

Kaka umenitoa machozi na niko zamu ya usiku. Mpe salamu kaka yetu.

#14 Mdau wa Njiro

Mleta uzi, mimi ndo niliuliza lile swali la shetani. Niseme tu nimesoma mpaka hapa. Asante.

#15 Mleta uzi

Amina wakuu. Chaji 19, nimalizie mbili tatu.

Mei 2022 Belo Horizonte, Brazil, uwanja umejaa. Hetfield akasimama akawaambia watu kwamba kabla ya kupanda alikuwa hajisikii vizuri, anajiona mzee, hawezi tena kupiga. Akasema aliwaambia wenzake, wakamkumbatia, wakamwambia ukikwama stejini tuko nyuma yako. Na pale pale wakatoka kwenye vyombo vyao wakaja kumkumbatia mbele za watu. Yule mtoto aliyelelewa kwenye nyumba ya kutosema. Video ipo, itafuteni. Albamu iliyofuata ya 2023 inaitwa 72 Seasons, maana yake misimu 72, mwaka una misimu minne kwa hiyo ni ile miaka 18 ya kwanza ya maisha, anaongelea yale unayobebeshwa utotoni. Amerudi kule kule kwa mama.

Na ile gereji ya El Cerrito niliyosema muikumbuke. Ilipobomolewa, mbao zake zikatunzwa, fundi mmoja anaitwa Ken Lawrence akamtengenezea gitaa kwa hizo mbao. Jina la gitaa ni Carl, kutokana na ile barabara ya Carlson. Anapiga nalo stejini. Ubao uliosikia mazoezi ya Cliff.

#16 Mdau wa Sakina

Mkuu, Afrika je? Hii kitu ipo au ni sisi wawili watatu na fulana za mtumba?

#17 Fundi magitaa, Majengo Moshi

Ipo sana. Botswana ndo wakubwa, wana Wrust, Skinflint, Overthrust, mashabiki wao wanavaa ngozi na kofia za kichungaji ng'ombe juani pale, ukiwaona hutasahau. Nairobi hapo juu kuna bendi, Duma walitoa albamu 2020 kali mpaka inatisha. Huku kwetu bado. Lakini magitaa yapo, mimi ndo nayatengeneza.

#18 Muuguzi, Moshi

Kaka zangu samahani nina swali la mtu asiyejua. Yule kijana niliyemsema, wa kwenye benchi, sasa yuko kwa mama yake mkubwa karibu na kwangu, tunasali naye. Kanisani kuna gitaa la zamani halitumiki. Angeanzia wapi?

#19 Fundi magitaa, Majengo Moshi

Dada lilete hilo gitaa Majengo karibu na sokoni uliza fundi wa magitaa, kamba naweka bure. Aje na yeye.

#20 Muuguzi, Moshi

Wiki mbili baadaye wakuu. Gitaa limewekwa kamba. Fundi alimuonyesha mwanzo wa ule wimbo wa simu, kamba wazi, ya juu kabisa ile nene, afu tatu za chini moja moja. Jana jioni nimempitia, amekaa nje kwenye ngazi anachapa hizo hizo tu, taratibu, lisaa lizima. Aliniuliza huu mkono wa kushoto unafanya nini. Nikamwambia fundi kasema bado.